Jina Lililochujwa

Ukungu wa Kalambwe hauna adabu. Huingia darasani bila kubisha hodi, hukaa madawati ya nyuma pamoja na watundu, na ukitoka huacha kila kitu kimelowa: madaftari, sweta, vioo vya madirisha. Ndiyo maana Atuganile alikuwa na tabia ya kupangusa miwani yake kwa mkono wa sweta. Hakuivua. Aliupitisha mkono juu ya macho, mara moja tu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akaendelea na shughuli zake. Alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na kwake kuvua miwani kulikuwa sawa na kufungiwa nje ya nyumba.

Kwenye vioo vya ile miwani maneno ya watu yalipita yakiwa yameandikwa, kila neno chini ya kidevu cha mwenyewe. Yeye akijibu kwa mikono, kola ya sweta lake ilimsemea kwa sauti ambayo mama yake alimwambia ni nzuri. Miwani hiyo aliivaa tangu darasa la tatu. Kabla ya hapo palikuwa na mkalimani shuleni, mwanamke mnene aliyependa karanga, na watoto darasani walikuwa wameanza kuokota alama moja moja: maji, choo, mwongo, njoo. Miwani ilipofika mkalimani alipangiwa kazi nyingine, na alama zikafifia mikononi mwa watoto kwa sababu hakuna aliyezihitaji.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, Lugano alikuwa akigawa timu za mpira. Lugano ndiye aliyekuwa nahodha wa kila kitu katika darasa la saba, hata pale ambapo hakuna aliyemchagua. Alisimama katikati ya uwanja, shavu limevimba kwa muwa, akinyoosha kidole.

"Tambi, huku," maneno yalisomeka chini ya kidevu chake. "Bwana Shamba, kule. Mchungaji, acha kuzubaa, huku. Kisoda, kule, na leo usilie."

Kisha akamgeukia Atuganile. Mdomo ulicheza kidogo tu, kama wa mtu anayetema kapi la muwa, lakini maandishi yakaja marefu: "Atuganile, kama utapenda, karibu sana ujumuike nasi."

Atuganile alikuwa ameyasoma maneno ya namna hiyo kwa miaka, na kwa miaka alikuwa akijiuliza ni nani hasa huongea hivyo akiwa na muwa mdomoni. Wenzake waliamrishwa, wakasukumwa, wakaitwa majina ya ajabu ajabu. Yeye alikaribishwa. Alikaribishwa Jumatatu, akakaribishwa Jumanne, na mtu anayekaribishwa kila siku katika nyumba moja anajua kabisa kwamba hapo si kwao. Alikuwa mpweke, na lililomwuma zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Akajibu kwa mikono kwamba leo hachezi. Wakati huo huo ukungu mdogo ukatanda kwenye vioo, pale pale usawa wa mikono ya Lugano, kama ulivyotanda mara nyingi watu walipokuwa wakimtazama. Akapangusa. Haukutoka. Akapangusa tena, lakini sweta lilikuwa limelowa kwa manyunyu na likazidisha uchafu. Basi akaivua miwani, jambo ambalo hakulifanya kamwe uwanjani, akatafuta pindo kavu la sketi yake, akainua macho.

Lugano alikuwa akipitisha mkono wa sweta juu ya macho yake, kutoka kushoto kwenda kulia. Midomo ya wengine ilikuwa wazi kwa kicheko. Kisoda naye akapitisha mkono, kisha Tambi. Walifanya vizuri sana, mpaka ule mkunjo wa bega.

Akarudisha miwani. Lugano alikuwa amesimama kwa heshima, mikono imetulia ubavuni, na kuizunguka mikono hiyo palikuwa na ukungu mwembamba. Akaivua. Mkono ulikuwa hewani. Akairudisha. Mkono ubavuni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Atuganile aliangalia juu ya paa la shule na kuona kwamba siku hiyo, pamoja na manyunyu yake yote, haikuwa na ukungu hata chembe.

*

"Kaa, binti yangu," Mwalimu Mwaisumo alimwambia, akasogeza birika la chai ili wapate nafasi mezani. Alikuwa mwalimu wa darasa la saba, mtu mpole ambaye shati lake halikuwahi kukauka tangu Machi. "Nilijua siku moja utakuja. Niliomba tu uje mimi nikiwa nimeshastaafu."

"Miwani inafuta vitu," alisema Atuganile kwa mikono. Alikuwa na hasira, na akajua kwamba kola imelisema hilo kwa sauti yake ile ile nzuri, isiyo na hasira.

"Inaitwa Ngao," alisema mwalimu.

Akamweleza, polepole, akimtazama usoni. Sheria ya Darasa Moja iliahidi mambo mawili: kwamba kila mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule iliyo karibu na kwao pamoja na watoto wengine, na kwamba huko hatadhalilishwa. Ahadi ya kwanza ilihitaji milango mipana na walimu. Ya pili ilihitaji watoto wa watu wabadilike tabia, na hilo wahandisi waliona ni rahisi zaidi kulitimiza ndani ya kioo. Ngao ilisoma sura, mabega na sauti ya aliyekuwa akiongea, ikapima kama kuna dhihaka, na kabla mtoto hajapepesa jicho ikawa imeandika sentensi nyingine. Kama dhihaka ilikuwa ya mkono, iliupaka mkono huo rangi ya nyuma yake na kuchora mwingine uliotulia. Pale kingo zilipokutana palibaki ukungu kidogo. Wahandisi walikaa mji mkubwa, ambako hakuna ukungu, na hawakuona kama lingekuwa tatizo. Hapa Kalambwe mtoto angepangusa tu.

"Na mimi nikisema?" aliuliza Atuganile.

Mwalimu akakuna shingo. "Na wewe pia. Juzi ulimwambia nini Kisoda pale mlangoni?"

"Nilimwambia anipishe, mjinga yule."

"Sisi tulisikia, 'Samahani ndugu yangu, naomba nafasi nipite.'"

Atuganile alikuwa akijiona msichana mkali kidogo, asiyependa upuuzi. Ilikuwa sifa aliyojipa mwenyewe na kuipenda. Kumbe kwa miaka yote hiyo shule nzima ilimjua msichana mwingine, mpole, mwenye kuomba samahani.

"Walikuwa wakisema nini juu yangu? Tangu darasa la tatu. Nataka kuyasoma."

"Hayatunzwi popote, binti yangu. Yanafutwa yakiwa bado yanatoka mdomoni."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sababu ya dhihaka. Dhihaka hakuijua hata moja, angeililiaje? Alilia kwa sababu maisha yake yalikuwa yamepita mbele ya macho yake bila yeye kuwapo, na hapakuwa na mahali pa kwenda kuyachukua.

Mwalimu alimngoja amalize. Kisha akamwambia kwamba umri wake ulikuwa umefika wa kuomba Ngao iondolewe, ila mama yake lazima naye akubali, mbele ya afisa wa wilaya, ambaye angepita Ijumaa. Na alifikirie vizuri. Ngao hujifunza mazingira ya mtoto mmoja kwa muda mrefu; ikizimwa husahau yote. Haitarudi mpaka mwaka wa masomo uishe, na shule haitakuwa na cha kumkinga nacho.

"Mwalimu, wewe ungefanyaje?"

"Mimi nina masikio mawili mazima na bado ninapita mbali na chumba cha walimu, nisisikie wanavyonisema," alisema Mwalimu Mwaisumo. "Usiniulize mimi."

*

Jioni, kabla jua halijazama, mama yake alirudi kutoka mashamba ya chai, alikoajiriwa kuangalia mitambo inayochuma majani. Bi Subilaga alikuwa mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Alikuta binti yake na mdogo wake wa kiume, Ambakisye, mjomba wa binti, wamekaa barazani wakiongea kwa mikono. Ambakisye alikuwa kiziwi pia, fundi cherehani, na miwani aliyopewa na serikali aliitundika kwenye msumari ukutani, ikawa inamsaidia kujua upepo unatoka upande gani.

Atuganile hakuzungusha maneno. Alimweleza mama yake yote, na kola ikasema. Mama alisikiliza akiwa bado amesimama, kapu mkononi. Kisha mdomo wake ukafunguka na kufungika kwa neno moja fupi, hata meno hayakuonekana vizuri.

"Mwanangu mpenzi," yalisomeka maandishi, "nimekuelewa, ila kwa mawazo yangu naona jambo hilo si la kuharakisha."

Atuganile aliyasoma, akamtazama mama yake usoni. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Akaisoma sentensi mara ya pili.

"Mama," alisema, "hata wewe?"

Alijaribu kukumbuka ni lini mama yake aliwahi kumgombeza. Alikumbuka sahani aliyoivunja, akaambiwa vyombo huwa vinavunjika. Alikumbuka siku aliyochelewa mtoni mpaka giza, akaambiwa karibu mwanangu, tulikukosa. Alikuwa amejisifu kwa Lugano kwamba mama yake hakasiriki. Lugano, ambaye nyumba yao haikuwa mbali na alisikia kila kitu, alimtazama siku hiyo kwa namna ya ajabu.

Akaivua miwani, akaiweka chini kwenye mkeka. "Niambie kwa mikono."

Bi Subilaga aliweka kapu chini. Zamani aliijua lugha ya alama vizuri. Alijifunza utotoni kwa ajili ya mdogo wake na akaitumia kumlelea binti. Miwani ilipokuja alipumzika, kama wengine, na kwa Ambakisye, aliyejua kusoma midomo, ishara chache zilimtosha. Sasa aliinua mikono na ikabaki hewani, haijui pa kwenda. Akamgeukia Ambakisye, akamwuliza kitu kwa mdomo na kwa uso. Ambakisye akampigia mfano: ngumi mbili kifuani, zinatetemeka.

Mama akamgeukia binti yake. *Mimi*, alisema kwa mikono, vibaya, kama mtoto. *Mimi ogopa*.

Kisha akaendelea, kwa vipande, na Atuganile akavipanga mwenyewe. Ambakisye alikuwa bado mtoto. Shuleni walikuwa wakimvuta masikio, kila siku, waone kama siku moja atasikia. Walicheka. Yeye, dada mtu, alikuwa darasa la juu na aliwapiga, akachapwa kwa kuwapiga. Siku moja Ambakisye aliweka mkoba wake wa shule juu ya dari na hakuushusha tena. *Wewe si yeye*, alisema mama. *Wewe soma. Wewe maliza*.

Atuganile alimtazama mjomba wake. "Mjomba, mimi sina jina," alisema. "Nipe wewe."

Viziwi hawaiti watu kwa herufi. Mtu hupewa jina la mkono na wanaoishi naye, kutokana na kovu, pengo, mwendo, chochote ambacho macho ya watu yamekiona kwake. Hakuna anayejipa. Ambakisye mwenyewe, popote alipojitambulisha, alijivuta ncha ya sikio, na dada yake siku zote alidhani ni urembo wa mjini, kitu alichookota kwa viziwi wenzake wa Mbeya alikokwenda kujifunza ushonaji.

"Siwezi," alisema Ambakisye. "Mimi ni mtu mmoja. Jina hutoka kwa watu unaoshinda nao."

"La kwako ulipewa Mbeya?"

Mjomba alicheka bila furaha. "Mbeya nilifika nalo. Waliniuliza, kwenu wanakuitaje? Nikawaonyesha kile watoto walichokuwa wakinifanyia, kwa sababu hakuna kingine nilichowahi kuitwa. Wakacheka sana. Kisha wakaniita hivyo hivyo mpaka leo."

Bi Subilaga aliielewa mikono hiyo. Alikaa chini kwenye mkeka, polepole, karibu na miwani.

"Kwa hiyo niiondoe?" Atuganile aliuliza.

"Sijasema hivyo. Nililia mpaka nikaumwa. Ningekuwa na kitu cha kunizuia nisione, ningemaliza shule, na kutomaliza shule najutia hata sasa, hapa ninapoongea." Akaokota kipande cha uzi kwenye goti lake, akakiviringa. "Mimi niliona, nikakimbia. Wewe hujaona bado. Sijui wewe ni mtu wa namna gani."

"Hata mimi sijui," alisema Atuganile.

Mama alikuwa akiwatazama wote wawili. Akainua mikono tena. *Wakikuumiza?*

*Nitakuja nyumbani*, alisema Atuganile kwa alama rahisi, zile za utotoni, ili mama aelewe. *Nitakwambia. Utanigombeza. Kweli kweli.*

*

Ijumaa afisa wa wilaya alifika na koti la mvua na haraka. Aliitwa Bi Fidea, na alikuwa na shule nyingine ya kufika kabla barabara haijaharibika. Aliwasomea onyo wote watatu ofisini, mtoto, mama na mwalimu: kwamba kuanzia sasa mtoto ataona na kuandikiwa yote, na kwamba kola itasema kama anavyosema yeye.

"Mama mzazi, unakubali?"

Bi Subilaga alikubali kwa mikono kwanza, akimtazama binti yake, kisha kwa mdomo kwa ajili ya wilaya.

Afisa aligusa kidubwasha chake. Kwenye miwani hakukutokea mwanga wala mlio. Kitu pekee alichoona Atuganile ni kwamba Bi Fidea alionekana amechoka zaidi ya alivyokuwa dakika iliyopita.

"Imezimwa," alisema afisa. "Sasa mtoto athibitishe. Jina lako nani?"

Atuganile alijua jibu lililotakiwa. Mikono yake ilianza kulipanga jina lile refu la ubatizo, kisha ikaacha. Akainua mkono wa sweta akaupitisha juu ya macho, kutoka kushoto kwenda kulia. Miwani ilikuwa safi kabisa.

Kola ilinyamaza. "Mashine haijapata," alisema Bi Fidea. "Rudia, tafadhali. Jina."

Akarudia.

Mwalimu Mwaisumo alikuwa akitazama sakafu. "Imepata, afisa," alisema hatimaye. "Ndivyo wanavyomwita hapa shuleni. Ni miaka sasa." Na Bi Subilaga akageuka akamtazama mwalimu huyo kwa muda mrefu, naye hakuinua uso.

Wakati wa mapumziko Atuganile alitoka peke yake. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Usiku kucha aliyatunga mwenyewe ili ayazoee, na mengine yalikuwa makali kuliko watoto wa Kalambwe wangeweza kubuni. Hakujiandaa kwa alichokikuta. Asubuhi mstarini mwalimu alikuwa amewatangazia watoto kwamba kuanzia leo atayaona yote. Basi alipofika uwanjani walimwona, wakafumba midomo. Mikono ikaingia ndani ya sweta. Tambi alijifanya anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Kwenye vioo hakukupita neno hata moja. Ngao walau ilimkaribisha.

Alisimama pembeni ya mstari wa chokaa. Kwa Kisoda, aliyekuwa nyuma ya wenzake, maneno yakapita haraka: "Kiziwi katoka kutushtaki huyo." Yalikuwa madogo, lakini yalimchoma, na alishangaa jinsi yalivyochoma mahali halisi, chini ya mbavu. Alifikiria njia ya kwenda nyumbani. Alifikiria mkoba juu ya dari.

Kisha akainua mkono, akapangusa miwani mikavu, mbele yao wote, akimtazama Lugano.

Lugano aliacha kutafuna. Akamwangalia kwa kitambo, uso umemshuka kwa aibu, na ikaonekana kama angesema samahani. Hakusema. Akatema kapi la muwa.

"Waipa," yalisomeka maneno chini ya kidevu chake, mafupi, yakilingana na mdomo. "Unacheza au unatukodolea macho? Kaa golini. Na ukifungisha nakuchapa."

Waipa. Ile fimbo inayopangusa kioo cha gari. Alilisoma mara moja na likatoweka, nalo halikuwa jina zuri. "Nichape uone," alisema kwa mikono, na kola, kwa mara ya kwanza, ikasema hivyo hivyo. Watoto wawili waliruka kwa mshtuko.

Akaenda golini. Baada ya muda ukungu wa kweli ukashuka kutoka mlimani, mweupe na mzito, ukatanda kwenye vioo vyake. Akapangusa. Upande wa pili wa uwanja mikono kadhaa ikapangusa pamoja naye. Baadhi yao walikuwa wakimwita, baadhi wakimcheka, na mmoja wao kicheko chake hakikuwa kizuri. Akaiona yote.